Mwanga Unaotibu na Jua Linalodhuru: Somo kuhusu Wekundu wa Uso na Ngozi Iliyoharibiwa na Jua katika Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Miezi ya Juni na Julai, wakazi wa Mbeya na Iringa huvaa makoti na kuota moto wa mkaa. Mkulima wa viazi mviringo katika miteremko ya Uporoto, au mchuma chai wa Mufindi, hutoka asubuhi akiwa amejifunika vizuri, naye hudhani kwamba siku ya baridi haina jua la kuogopwa. Dhana hiyo huwagharimu wengi, hususan watu wenye ualbino, kwa sababu mionzi inayoharibu ngozi haina joto. Mtu hawezi kuihisi inapomfikia. Huyajua madhara yake jioni ngozi inapouma, au miaka mingi baadaye kinapotokea kidonda kisichopona.

Sambamba na tatizo hilo la zamani limekuja jambo jipya. Katika miji yetu mikubwa yameenea matangazo ya tiba za uso zinazotumia mwanga: leza, taa za mwanga mkali na taa za rangi. Huahidi kuondoa wekundu, madoa na makunyanzi yaliyoletwa na jua. Baadhi ya tiba hizo ni za kweli na zina misingi imara ya kisayansi. Hata hivyo, tiba iliyo njema kwa ngozi ya mtu mmoja yaweza kumuunguza mwingine, na kwa mtu wa tatu yaweza kuficha saratani hadi wakati wa kuokoa maisha upite.

Somo hili limeandikwa kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, walimu, familia zenye mtu mwenye ualbino, na kila msomaji anayefikiria kulipia tiba ya namna hiyo. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza jinsi mwanga unavyotibu ngozi, kutambua ni nani anayeweza kudhurika, na kujua ni wakati gani dalili ya usoni inahitaji daktari kabla ya mashine yoyote.

Jua la nyanda za juu

Mwanga wa jua una sehemu tunayoiona, sehemu tunayoihisi kama joto, na sehemu isiyoonekana wala kuhisiwa iitwayo mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo ndiyo inayovuruga vinasaba vya seli za ngozi. Urujuanimno B huunguza ngozi ya juu. Urujuanimno A hupenya zaidi, hupita katika kioo cha dirisha la basi au la darasa, na huharibu nyuzinyuzi zinazoipa ngozi uimara wake.

Mambo matatu huongeza nguvu ya mionzi hiyo kwetu. Kwanza ni mwinuko. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za kwenda juu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa karibu mita 1,600. Kwa hesabu hiyo, wakati anga ni sawa, mkazi wa Mbeya hupata mionzi zaidi ya mkazi wa pwani ingawa yeye ndiye anayetetemeka kwa baridi. Pili ni ukaribu wetu na ikweta. Miji hii iko kati ya nyuzi 7 na 9 kusini, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, yaani katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Oktoba ni mwezi wa anga kavu lisilo na mawingu mengi, na ndio wakati mashamba yanapotayarishwa. Tatu ni udanganyifu wa mawingu, kwani mawingu mepesi huruhusu sehemu kubwa ya urujuanimno ipite.

Njia rahisi ya kupima hatari ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali kwa ngozi. Kwetu hali hiyo huchukua muda wa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa kukadiria.

Melanini: mwavuli wa ndani

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, chembechembe zinazokaa juu ya kiini cha seli mithili ya mwavuli na kufyonza mionzi kabla haijafika kwenye vinasaba. Ngozi nyeusi ina mwavuli mzito. Ndiyo maana saratani za ngozi ziletwazo na jua ni adimu miongoni mwa Waafrika wengi, ingawa madoa na kukomaa kwa ngozi huwapata wote.

Mtu mwenye ualbino amezaliwa na vinasaba ambavyo haviwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Idadi yao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kilicho juu sana kikilinganishwa na Ulaya na Marekani. Kwao, uharibifu huanza utotoni: wekundu, madoa, midomo iliyopasuka, kisha mabaka makavu yenye magamba usoni, masikioni, shingoni na nyuma ya mikono. Mabaka hayo ni hatua ya kabla ya saratani. Baadhi yake hugeuka kuwa saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika, na aghalabu hutokea kichwani na shingoni.

Wekundu wa uso si ugonjwa mmoja

Kabla ya kuzungumzia tiba, lazima tujue kinachotibiwa. Wekundu ni dalili tu. Katika ngozi nyeusi hata jina lenyewe hupotosha, kwa kuwa uso uliowaka huonekana wa zambarau au kahawia iliyokolea, na mgonjwa hulalamika zaidi kuhusu joto, mwasho au kuchomachoma. Miongoni mwa sababu zinazopaswa kufikiriwa katika eneo letu ni hizi:

Kuungua kwa jua, hasa kwa mtu mwenye ualbino.

Madhara ya mkorogo na krimu zenye steroidi kali kama betamethasoni na klobetasoli. Zikitumiwa usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu hujitokeza, vipele huota, na kila mtu anapojaribu kuacha uso huwaka upya.

Mzio wa vitu vya kazini. Pareto, zao linalolimwa katika mikoa hii, ina vumbi na utomvu unaoweza kuwasha ngozi ya uso na mikono ya mchumaji.

Rozasia, ugonjwa wa uso kuwaka na kutoa vipele, ambao katika ngozi nyeusi mara nyingi hudhaniwa kuwa chunusi.

Ugonjwa wa lupasi, ambao huweza kuanza kwa vipele mashavuni vinavyozidi juani na kisha kushambulia viungo na figo.

Dawa zinazoongeza wepesi wa ngozi kudhurika na jua, kama doksisaiklini inayotumiwa kwa maambukizi mengi, na haidroklorothiazidi inayotumiwa kwa shinikizo la damu.

Mashine ya mwanga haiwezi kutofautisha hali hizi. Anayeweza ni mtu aliyefundishwa, kwa kuuliza, kutazama na, inapobidi, kuchukua kinyama kidogo kwa uchunguzi wa maabara. Mgonjwa wa lupasi akipigwa mwanga mkali, ugonjwa waweza kuchochewa. Mwenye uso uliochakazwa na steroidi anahitaji kwanza kusaidiwa kuacha krimu hiyo chini ya uangalizi.

Jinsi mwanga unavyotibu

Kutibu ngozi kwa mwanga ni elimu ya zaidi ya karne moja. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1903 kwa kutumia mwanga uliokusanywa kutibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu. Leo kifua kikuu hutibiwa kwa dawa, lakini wazo la Finsen liliendelea.

Msingi wa leza za kisasa uliwekwa mwaka 1983, wakati madaktari wa Marekani R. Rox Anderson na John Parrish walipoeleza kanuni ambayo kwa maneno mepesi tunaweza kuiita uunguzaji teule. Kila kitu ndani ya ngozi hufyonza baadhi ya rangi za mwanga kuliko nyingine. Himoglobini, yaani kile kinachoipa damu wekundu wake, hufyonza sana mwanga wa kijani na wa manjano. Basi mwanga wa rangi hiyo ukipigwa kwa muda mfupi mno, damu iliyo katika mishipa midogo hupata joto, kuta za mishipa huungana, na baada ya majuma mwili huiondoa. Mapigo yakiwa mafupi, joto halipati muda wa kusambaa na kuunguza ngozi ya jirani.

Leza hutoa rangi moja tu ya mwanga. Leza itumikayo zaidi kwa mishipa ya usoni hutoa mwanga wa nanomita 585 hadi 595. Mashine ya mapigo ya mwanga mkali hutumia taa ya zenoni yenye rangi nyingi kwa pamoja, takriban nanomita 500 hadi 1,200, na vichujio huzuia urujuanimno na rangi zisizotakiwa. Kwa kuwa hufyonzwa na damu na vilevile na melanini, mashine hii yaweza kupunguza wekundu na madoa kwa pamoja. Mgonjwa huhitaji vikao kadhaa, kwa kawaida vitatu hadi vitano, vikitenganishwa na majuma matatu au manne. Katika rozasia nafuu yaweza kuwa kubwa, lakini ugonjwa huweza kurudi, na vikao hurudiwa.

Kwa nini ngozi nyeusi huungua

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu. Mwanga ulioelekezwa kwenye damu hupita kwanza katika ngozi ya juu. Ngozi hiyo ikiwa na melanini nyingi, melanini huupokonya mwanga njiani na kugeuka kuwa shabaha. Joto lililokusudiwa mshipa hubaki juu, na matokeo yake ni malengelenge, madoa meusi au meupe ya kudumu, na pengine kovu, hata kovu la kunenepa kwa wenye asili hiyo.

Madaktari hugawa ngozi katika aina sita kwa mfumo uliobuniwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975. Aina ya kwanza huungua daima na haipati weusi. Aina ya tano na ya sita ni ngozi za kahawia iliyokolea na nyeusi, yaani za wengi wetu. Mashine ya mapigo ya mwanga mkali kwa kawaida haishauriwi kwa aina ya sita, na kwa aina ya tano huhitaji mtaalamu mzoefu sana. Leza yenye mwanga wa nanomita 1,064 ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi, kwa sababu melanini huufyonza kwa kiasi kidogo, ingawa nayo huunguza ikitumiwa vibaya. Picha za kuvutia katika matangazo mara nyingi ni za nyuso za Kizungu, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye uso wa Mnyakyusa au Mhehe.

Mtu mwenye ualbino na mashine ya mwanga

Mtu aweza kusema kwamba, ikiwa melanini ndiyo kikwazo, basi asiye nayo ndiye anayefaa zaidi. Kwa upande wa kuungua, hoja hiyo ina ukweli. Lakini inasahau jambo kubwa zaidi. Uso wa mtu mzima mwenye ualbino aliyefanya kazi shambani huweza kubeba mabaka mengi ya kabla ya saratani, na pengine saratani changa iliyojificha kati yake. Mashine inayofifisha mishipa na madoa husafisha sura ya juu bila kuondoa seli zilizoharibika. Wekundu na magamba yaliyokuwa yanaonya hupungua, mgonjwa hufurahi, na miezi huenda. Saratani ya seli bapa ikikamatwa mapema huondolewa kwa upasuaji mdogo. Ikiachwa, hula mfupa, huingia kwenye tezi za shingo na huua.

Kuna pia suala la macho. Macho ya mtu mwenye ualbino hayana rangi ya kutosha ya kuyakinga na mwanga mkali, hivyo kukinga macho kikamilifu ni sharti lisilo na msamaha.

Tiba zinazofaa ngozi iliyoharibiwa na jua

Kwa mabaka machache ya magamba, tiba ya kugandisha ndiyo rahisi. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hupuliziwa kwenye baka kwa sekunde chache. Baka hufa, hubanduka, na ngozi mpya huota. Kwa ngozi nyeusi tiba hii huacha doa jeupe, lakini kwa mtu mwenye ualbino hasara hiyo haipo. Kwa mabaka mengi yaliyosambaa hutumika krimu ya fluorourasili, ambayo huchubua uso kwa majuma kadhaa kabla haujapona. Mgonjwa asiyeelezwa hilo mapema huiacha njiani.

Ipo pia tiba ya mwanga inayolenga seli zenyewe. Dawa iitwayo asidi ya aminolevuliniki hupakwa kwenye baka. Seli zilizoharibika huibadilisha kuwa porfirini, kemikali inayoamshwa na mwanga. Kisha taa ya buluu au nyekundu huwashwa, na seli hizo hufa. Nchini Marekani tiba hii iliidhinishwa mwaka 1999 kwa mabaka ya kabla ya saratani. Huuma wakati wa mwanga, na mgonjwa hulazimika kukaa mbali na mwanga mkali kwa siku moja au mbili baadaye. Dawa yake ni ghali, nayo haifai kwa saratani iliyokwisha kuzama.

Kidonda kilichokaa zaidi ya majuma manne, uvimbe mgumu, au baka linalotoa damu lisipewe mwanga wala krimu. Kinyama kichukuliwe na mgonjwa apewe rufaa. Katika eneo letu njia ya rufaa hupita katika hospitali za rufaa za mikoa, kama ya Iringa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa tiba ya mionzi huweza kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC, kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mifano mitatu ya kufundishia

Mfano wa kwanza: mwanamke wa miaka 30, ngozi nyeusi, muuza duka mjini Iringa. Uso unawaka na mishipa inaonekana mashavuni. Ametumia krimu ya kung'arisha kwa miaka miwili. Anataka kulipia vikao vya mwanga. Uamuzi: aache krimu kwa mpango wa daktari, atumie mafuta laini na kinga ya jua, aonwe tena baada ya miezi kadhaa. Mwanga sasa ungemwachia madoa juu ya ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba.

Mfano wa pili: mwanamume mwenye ualbino, miaka 28, mkulima wa Mbeya Vijijini. Ana magamba usoni na kidonda kidogo sikioni chenye miezi miwili. Jamaa wamechanga fedha ili apelekwe mjini kusafishwa uso kwa mashine. Uamuzi: kidonda kichunguzwe juma hili, magamba yagandishwe. Fedha za mchango zitumike kwa nauli ya rufaa, kofia na losheni.

Mfano wa tatu: mgeni wa Kizungu mwenye rozasia iliyothibitishwa, anayefundisha Tukuyu. Mashine ya mwanga huenda ikamfaa, ila si wakati ambapo ngozi yake imetoka kuunguzwa na jua, wala akiwa anameza doksisaiklini bila daktari kujua.

Katika mifano yote mashine ni ileile. Utambuzi wa ugonjwa ndio uliobadilisha jibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nani amethibitisha ugonjwa wangu, na kwa uchunguzi gani? Anayeshika mashine ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au anasimamiwa na nani? Mashine imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Ni leza au ni taa ya mapigo, na imewahi kutumika kwa ngozi kama yangu? Je, sehemu ndogo itajaribiwa kwanza na kusubiriwa? Macho yangu yatakingwaje? Nikiungua, nani atanitibu? Mtoa huduma anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Kinga ndiyo tiba ya kwanza

Hakuna mashine inayoshinda kofia. Ukingo wa kofia uwe mpana wa kutosha kufunika masikio na shingo. Chepeo huyaacha wazi. Mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana hukinga siku nzima bila kupakwa upya. Losheni ya kinga ya jua ipakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Uso na shingo huhitaji takriban kijiko kimoja cha chai. Losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa na kutengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, imeonyesha kwamba bidhaa hii yaweza kuzalishwa nchini.

Mwalimu ana nafasi kubwa. Mtoto mwenye ualbino akae karibu na ubao kwa sababu ya uoni hafifu, lakini mbali na dirisha linaloingiza jua. Gwaride, michezo na kazi za bustani zipangwe mapema asubuhi au jioni. Sare yenye mikono mirefu na kofia iruhusiwe kwake bila barua wala mjadala. Shambani, palizi ya asubuhi na ya jioni huokoa ngozi zaidi ya dawa yoyote inayonunuliwa baada ya madhara.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini baridi ya Julai mjini Mbeya haimkingi mtu dhidi ya urujuanimno?
2. Eleza kwa nini mashine ileile huweza kufaa rozasia kwa Mzungu na kuunguza ngozi nyeusi.
3. Taja sababu nne za uso kuwaka ambazo hazipaswi kutibiwa kwanza kwa mwanga.
4. Mgonjwa mwenye ualbino ana kidonda cha majuma sita kwenye mdomo wa chini. Utamwambia nini leo, na utampeleka wapi?

Msomaji aliyeweza kujibu swali la nne asisubiri mgonjwa aje kwake. Tarehe 13 Juni kila mwaka, dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino, katikati ya majira yetu ya baridi. Ni siku nzuri ya zahanati, shule au kanisa kuwaita wenye ualbino wa kata nzima na kuwatazama uso, masikio, midomo na mikono. Kazi hiyo huhitaji mwanga wa dirisha na macho yaliyofundishwa, na kidonda kimoja kitakachogunduliwa siku hiyo kitakuwa kimelipa gharama ya siku nzima.